Nguo za Mpunga

Usiku ule Naomi hakulala wala hakuzima kibatari. Alikaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, Bondeni, ametega sikio upande wa barabara itokayo hospitali. Kila baiskeli iliyosikika mnyororo ilimwinua. Ikipita bila kusimama, alikaa tena, akajifunika kanga magoti, akaanza upya kusubiri.

Nyuma ya nyumba mashine ya kukobolea mpunga ilikuwa imezimwa tangu mchana, lakini rundo lililokuwa kando yake halikuzimika. Lilikuwa likitoa moshi mwembamba, polepole, kama mzee anayevuta kiko bila haraka.

Rundo hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Mchana wa siku hiyo Mariamu, binti mdogo wa jirani yake Bibie, alikuwa akimfukuza tetea wa mama yake. Tetea akapita juu ya rundo, na kwa kuwa kuku ni mwepesi, akavuka salama. Mtoto akafuata. Kwa juu rundo lilikuwa jeusi, limetulia, hata mvua ingeweza kulidharau. Ndani yake kulikuwa na moto uliowashwa tangu mavuno yaanze, kwa maana maganda ya mpunga hayawaki, yanaungua kimya kimya. Mguu wa Mariamu ukazama mpaka kifundoni.

Naomi ndiye aliyemnyanyua. Ndiye aliyemmwagia maji, na ndiye aliyeita mpaka sauti ikakauka. Ridhwani, baba wa mtoto, akampakia kwenye baiskeli, na Bibie akakimbia nyuma yao amejishika kichwa. Hakugeuka kumtazama Naomi. Kule kutogeuka ndiko kulikokaa na Naomi kizingitini usiku kucha. Mara kwa mara aliingia ndani, akawapapasa wanawe Tumaini na Mercy nyayo zao chini ya blanketi, akatoka tena.

Jogoo walikuwa wamekwisha kuchoka kuwika Ridhwani aliporudi.

"Mama Tumaini, hujalala?"

"Mariamu?"

"Yuko salama, kalala. Daktari kasema mguu utapona, ngozi ya kisigino itaota nyingine. Mama yake amebaki naye."

Naomi akasema "Ndaga," shukrani ya Kinyakyusa, akairudia na kuirudia, hata haikujulikana anamshukuru Ridhwani, daktari au Mungu. Ridhwani akaegemeza baiskeli ukutani. Alikuwa mwenye duka, mtu wa maneno machache, babu zake walitoka pwani wakaja ziwani na biashara ya nguo.

"Sisi tumekula Krismasi kwako, nanyi mmekula Idi kwangu," akasema. "Sina neno na wewe, Mama Tumaini. Nina neno na hilo." Akaelekeza kidevu kule kwenye moshi.

Ili mtu aelewe kwa nini rundo lilikuwa kubwa hivyo, na kwa nini kuliondoa kulimpa Naomi taabu ambayo haingempata mwanamke wa kwingine, ni lazima kwanza amjue Naomi mwenyewe.

Alizaliwa vijijini Kyela, akasoma mpaka darasa la nne, na alichojifunza zaidi ya kusoma ni kuangalia. Alikuwa mtu wa kuhofu. Akiona ndoo karibu na kisima, aliona mtoto ndani yake. Akiona kibatari karibu na chandarua, alikwisha kuona nyumba inaungua. Watoto wa Bondeni walimwita Mama Angalia, kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni: angalia mguu, angalia nyoka, angalia hiyo baiskeli. Ndiyo maana aibu ya rundo ilimwingia mno. Yeye aliyeangalia kila kitu, hakuangalia kilichokuwa nyuma ya nyumba yake.

Aliolewa Busale, na Hebroni, mwana wa Mzee Zebedayo Mwakapila. Kwa desturi ya Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hutilana, yaani huogopana kwa heshima. Hawaonani uso kwa uso. Mwanamke akisikia kikohozi cha baba mkwe njiani, huingia migombani akageuza mgongo mpaka apite. Na mzee mwenye adabu, akisikia mkamwana wake amefika uani, huingia ndani akafunga mlango, ili mwanamke apite kwa raha, apike, acheke na wifi zake. Kwa hiyo huko Busale mlango uliofungwa si chuki. Mlango uliofungwa ndio karibu yenyewe. Mzee akibaki amekaa mlangoni wazi, basi mkamwana amefukuzwa, na hakuna haja ya kumwambia.

Jina la baba mkwe nalo halitajwi, wala neno linalofanana nalo. Wanawake wanayo lugha yao ya kuzunguka maneno hayo, inaitwa ingamwana. Siku Naomi alipofika kwa mumewe, shangazi mmoja alimketisha jikoni akamtajia maneno ya kuacha. Ndani ya Mwakapila mna kapi. Basi makapi, yale maganda magumu ya mpunga, hayakutakiwa kutoka kinywani mwake mpaka kufa.

Halikuwa jambo gumu. Mwanamke anaweza kuishi miaka mingi bila kutaja makapi. Ugumu ulikuja pale ushirika ulipolegea, serikali ikaruhusu watu binafsi kununua na kukoboa mpunga, na Hebroni, aliyekuwa akivuka mto Songwe wa mpakani na mchele kwenda kwa wajomba zake Karonga, akarudi siku moja na mashine. Akaifunga nyuma ya nyumba waliyohamia Bondeni, akamwachia mkewe, akavuka tena. Naomi akajikuta anaendesha mashine ambayo kazi yake kubwa ni kutoa kitu asichoweza kukitaja.

Akakipa jina. Mpunga ukiingia mashineni unavuliwa, alisema, basi hizo ni nguo za mpunga. Wateja walicheka mpaka wakazoea.

"Mama Tumaini, nguo zangu umeziweka wapi?" aliuliza mtu aliyekuja kuchukua mchele wake.

"Zimechukuliwa na upepo. Utakwenda kwenu uchi."

Baada ya misimu michache, Bondeni nzima ilisema nguo. Oscar, dereva wa trekta lililoleta mpunga kutoka vijijini, alisema nguo. Hata bwana afya alipokuja na baiskeli yake siku chache baada ya Mariamu kuungua, alijikuta amesema nguo.

"Mama, mashine yako inawafaa watu, sikatai," alisema. "Lakini hizi nguo zako zimemuunguza mtoto, na moshi wake unaingia majumbani. Sitaki kuona moto hapa, wala rundo. Mwezi huu ukiisha nitarudi. Nikilikuta, nafunga mashine kwa kufuli la serikali."

Naomi akajibu ndiyo. Bwana afya alipoondoka, Naomi akaenda akaishika mashine ubavuni, kama mtu amshikavyo ng'ombe aliyeambiwa kuwa atachinjwa. Mashine ile ndiyo iliyowavalisha Tumaini na Mercy sare za shule. Bila hiyo angerudi kulima mashamba ya watu, na mgongo wake haukuwa tena wa kulima mashamba ya watu.

Akatuma salamu Karonga kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akivuka. Jibu la Hebroni likarudi na mtu huyo huyo: nguo zitupwe mtoni, maji yatazichukua.

"Mwambie," Naomi akasema, "mto nao una watoto huko chini."

Siku Bibie aliporudi na Mariamu, Naomi alikaa ndani asubuhi nzima akiogopa kutoka. Hatimaye akachukua kuku, akaenda. Alimkuta Bibie uani anapika vitumbua vya kuuza, na mtoto amekaa juu ya mkeka, mguu umefungwa bandeji nyeupe, anawaonyesha wenzake kama zawadi.

"Karibu," Bibie akasema bila kuinua macho. "Nilikukasirikia, nikachoka. Kaa hapo, unanizibia upepo."

Naomi akakaa. Mafuta yakawa yanazungumza peke yake kikaangoni.

"Mchele wa vitumbua umepanda," Bibie akasema. "Natafuta chenga sizioni. Kwani zile chenga zinazomwagika kwenye mashine yako unazipeleka wapi?"

"Tunafagia pamoja na vumbi. Zinakwenda rundoni."

Bibie akashusha mwiko. "Mama Tumaini! Kumbe siku zote unachoma vitumbua vyangu?"

Naomi akaanza kucheka, halafu akalia, halafu akacheka tena, na Bibie akamtazama akasema, "Huyu naye apelekwe hospitali." Lakini alisema hivyo huku akimsogezea kitumbua cha moto.

Kesho yake Naomi aligeuza debe, akalikalia mbele ya mashine toka injini ilipowashwa mpaka ilipozimwa. Hakufanya kazi nyingine ila kuangalia. Akaona kuwa rundo si kitu kimoja. Ni vitu vingi vilivyokutanishwa na ufagio. Mashine ilikuwa na midomo miwili ya uchafu: mmoja ulipuliza nguo nje kwa upepo, mwingine ulitema pumba laini chini, unga unga, mtamu kwa nguruwe na kuku. Vijana wa kazi walikuwa wakizifagia zote pamoja, na chenga ndani yake, na hata mpunga mzima uliomwagika wakati wa kupakua magunia.

Akatandika turubai mahali pa kupakulia, mpunga usiguse tena udongo. Akafunga gunia kwenye mdomo wa pumba. Akanunua chekeche la chenga. Wenye nguruwe wakaanza kuja na madebe yao jioni, na wapika vitumbua wakaja asubuhi, Bibie mbele kama mwenye mali. Magunia yaliyochanika, ambayo zamani yalitupwa motoni, aliyashona yeye mwenyewe kwa sindano kubwa huku akimsikiliza Mercy akisoma. Majivu ya rundo la zamani aliyazima kwa maji ndoo baada ya ndoo, akawagawia wanawake ya kusugulia masufuria. Kila jioni alizunguka kule nyuma na fimbo, akichomachoma ardhi kutafuta joto.

Rundo likapungua. Lakini nguo zenyewe, zile ngumu, nyepesi, zisizolika hata na mbuzi, ziliendelea kutoka kila siku, na ndizo zilizokuwa nyingi kuliko vyote. Naomi alizitazama akajiuliza, kitu hiki kinafaa nini? Akaona kinafaa kuungua tu. Basi kiungue mahali panapotaka moto.

Huko Busale baba mkwe wake alikuwa fundi wa matofali. Kiangazi kile alikuwa amepanga tanuru kubwa la matofali ya shule ya kijiji, akalikandika udongo, kisha akakwama. Kuni hazikupatikana. Miti ya karibu ilikuwa imekwisha, na mikakao yake mwenyewe aliipenda kama wajukuu. Tanuru lilisimama baridi, watu wa shule wakimuuliza kila Jumapili. Na kila siku trekta la Oscar lilitoka Busale limejaa mpunga, likarudi Busale na tela tupu.

Naomi alipoyaweka hayo mawili pamoja kichwani, alisimama palepale akapiga makofi peke yake.

Lililobaki ni kumwambia mzee. Mwenyewe hakuweza. Hebroni alikuwa Karonga. Kwa bahati wifi yake Angetile, aliyeolewa Matema kule ufukweni, alipita siku hiyo na kapu la dagaa akienda kumsalimia baba yake. Angetile alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kusema. Naomi alimshika mkono, na kwa kuwa injini ilikuwa inanguruma, akampigia kelele sikioni.

"Wifi! Mwambie baba nina nguo nyingi hapa! Zitamfaa kwa moto, baridi hii! Akikubali, kesho kutwa Oscar atampelekea tela zima!"

"Tela zima?" Angetile akashangaa.

"Tela zima! Na nyingine zitafuata!"

"Wewe mkamwana, Kyala akubariki!" Angetile akasema, akaenda zake anakimbia na dagaa wake.

Naomi akarudi kwenye mashine moyo mweupe. Hakukumbuka kwamba Matema si Bondeni, na kwamba wifi yake hajawahi kusikia nguo za mpunga.

Angetile alirudi siku ya tano. Hakusalimu. Alivuka uani, akazima injini kwa mkono wake mwenyewe, akasimama mbele ya Naomi mikono kiunoni.

"Mama Tumaini, baba amekukosea nini?"

"Kwani kuna nini?"

"Anauliza kuna nini! Baba alioga! Baridi ile, alfajiri, mzee akaoga! Nilimwambia mkamwana wako anakuletea nguo, tela zima, za kuzuia baridi. Mji mzima siku hizi wanavaa mitumba, makoti ya Ulaya, naye kikoti chake kina matundu viwikoni. Alifurahi mpaka akawaita wazee wenzake wa kanisani. Mzee Aliko akasema yeye anaomba lenye mifuko ya ndani. Baba akamwahidi! Wakakaa kwenye viti, uani, wanasubiri makoti."

Naomi alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili.

"Oscar akafika," Angetile akaendelea. "Akasema, Mzee, nguo zako hizi. Akainua tela. Vumbi lile! Makapi mpaka kwenye vikombe vya chai! Mzee Aliko akakohoa mpaka kofia ikaanguka. Baba akasimama pale, mweupe kwa vumbi toka kichwa mpaka miguu, akasema neno moja tu. Unajua alisemaje?"

Naomi akatikisa kichwa.

"Alisema, 'Mkamwana wangu amenitamka.'"

Vijana wa mashine waliokuwa wanacheka wakanyamaza. Kwa maana kila aliyezaliwa huko alielewa. Jina lisilotajwa lilikuwa limetajwa bila mdomo. Kumtupia Mwakapila tela la makapi uani, mbele ya wazee, ni sawa na kusimama njiapanda na kumwita kwa jina.

"Amemwamuru Oscar azoe zote azirudishe," Angetile akasema. "Na tangu siku hiyo anakaa mlangoni. Mlango wazi, kiti katikati. Anasema hataki kusikia hatua zako Busale."

Usiku huo hakuna aliyemwona Naomi akilia, lakini asubuhi Bibie alimkuta akizoa zile nguo zilizorudishwa, akizipanga kwenye magunia moja moja, kana kwamba zikipangwa vizuri zitaacha kuwa nyingi. Siku za bwana afya zilikuwa zinakaribia.

"Nenda mwenyewe," Bibie akasema.

"Haonani nami, Bibie. Hiyo ni miiko."

"Mimi sijasema akuone. Nimesema nenda. Hivi nyinyi mnaogopana macho, na masikio pia mnaogopana?"

Naomi akasimama na koleo mkononi. Akafikiri. Kisha akavua mtandio wa vumbi, akaenda gulioni, kwenye mafungu ya mitumba, akainama humo mpaka mwenye fungu akauliza kama anatafuta mume humo. Aliliona chini kabisa: koti zito la rangi ya kahawa, lina mifuko ya nje, na alipoingiza mkono, lina mifuko ya ndani.

Alfajiri iliyofuata alifika Busale pamoja na Angetile, wamekaa kwenye tela la Oscar juu ya magunia. Trekta wakaliacha barabarani. Wakapita kwa miguu kati ya mikakao. Naomi alijifunika kanga kichwani mpaka usoni, na walipokaribia uani akaingia nyuma ya migomba, akatoa kikohozi kidogo, kile cha mkamwana kinachosema, nimefika, nipishe.

Akasikiliza mlango. Haukulia.

Angetile akachungulia. "Amekaa pale pale," akanong'ona. "Amekunja na miguu."

"Simama katikati," Naomi akasema. Kisha, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya uwanja, lakini uso wake ukitazama mgomba, akaanza kwa salamu ya kuulizana mmelalaje. "Wifi, Mugonile!"

"Ndaga, wifi," Angetile akajibu, ingawa walikuwa wamelala nyumba moja.

"Wifi, mwambie baba nimekuja kuomba radhi."

"Baba, Mama Tumaini anaomba radhi."

"Angetile," sauti ya mzee ikasema, nzito, ya mtu aliyeitayarisha siku nyingi, "mwambie huyo mtu kwamba sina mkamwana. Mkamwana wangu alinitamka kwa trekta."

"Wifi, mwambie baba, tangu niolewe sijawahi kulitamka lile neno. Shangazi alinikataza jikoni, nikalishika. Mashine ilipokuja nikatafuta neno la kuzunguka. Nikayaita nguo, kwa kuwa mpunga unavuliwa. Bondeni wote wanayaita nguo. Nilipokutuma wewe, nilisahau kwamba hujui."

Angetile akageuka. "Kumbe?" akasema, si kwa ajili ya mtu yeyote. "Nguo za... Ee Kyala wangu!" Akaanza kutikisika mabega.

"Usicheke," mzee akasema. "Muulize hivi. Mashineni kuna kelele. Mimi niko Busale, yeye yuko Bondeni. Angelisema hilo neno, nani angemsikia?"

Jani la mgomba lilikuwa linamgusa Naomi shavuni, lina umande.

"Mwambie baba, mimi ningejisikia."

Safari hii Angetile hakurudia. Hapakuwa na haja. Uani kuku walikuwa wakiparura mabaki ya makapi, wakiokota chenga moja moja zilizofichwa humo.

"Angetile," mzee akasema baadaye, na sauti ilikuwa imeshuka, "yule mtoto wa Mswahili aliyeungua, mguu wake unaendeleaje?"

"Wifi, mwambie baba anatembea. Kwa ncha ya vidole, lakini anatembea. Mwambie nguo hizo zilikaa na moto ndani tangu mavuno yaanze, nje huoni kitu. Nikasema moto wa namna hiyo, wa kukaa, usiokimbia juu kama wa kuni, labda ndio tofali linautaka. Mimi sijui matofali. Yeye ndiye anayejua. Nami nikishindwa, mwezi ukiisha mashine inafungwa. Mwambie tela linarudi huku tupu kila siku, na mikakao yake haitaguswa."

Angetile akaona macho ya mzee yamehama, yamekwenda kule nyuma ya nyumba, kwenye tanuru lililokandikwa udongo, refu, baridi, na ufa umeanza kulipasua ubavuni kwa kusubiri. Akaona vidole vyake vinasugua goti, kama fundi anayepima udongo.

"Moto wa kukaa," mzee akasema, nusu kwa nafsi yake.

Naomi akatoa koti kwenye kapu. Alilikunja vizuri, akampa Angetile, na Angetile akalivusha uwanja akaliweka juu ya kinu, hatua chache kutoka kwenye kiti. Mzee akalitazama kwa pembe ya jicho.

"Hizo nazo ni nguo za nini?"

"Za mtu, baba," Angetile akasema. "Safari hii ni za mtu."

"Zina mifuko ya ndani?"

Nyuma ya migomba Naomi alijibana mbavu. Alitaka kucheka, alitaka kulia, na hakuthubutu lolote, kwa kuwa alikuwa anasikiliza.

Alisikia kiti kinaburuzwa. Alisikia hatua za mzee zinakwenda mpaka kwenye kinu, zikasimama, zikarudi taratibu. Kisha mlango wa mbao, ule wenye bawaba zilizokauka, ukalia kwa kirefu, ukafungwa.

Naomi hakutoka upesi. Alisubiri mpaka komeo lilipogonga.

"Angetile!" sauti ikaita kutoka ndani, imezibwa kidogo kama ya mtu aliyeinamia vifungo vya koti. "Mwambie Oscar asimwage hapa mlangoni tena! Apeleke kule nyuma, upande wa upepo!"

Naomi akashusha kanga usoni, akatoka migombani, akavuka uwanja kwa miguu yake mwenyewe kwenda kuliona tanuru, akipita karibu kabisa na ule mlango uliofungwa.